Barua za kimeta za mwaka 2001: pale taharuki ilipowapita waliokuwa hatarini

Bahasha iliyompelekea Seneta Tom Daschle wa Marekani kimeta ilikuwa imefungwa vizuri, na mishono yake ilibandikwa utepe wa gundi. Anwani iliandikwa kwa herufi kubwa za mkono, na mahali pa mtumaji palitajwa darasa la nne la shule ambayo haikuwapo. Ilipigwa mhuri wa Trenton, New Jersey, tarehe 9 Oktoba 2001, ikapita katika kituo cha kuchambulia barua cha Brentwood mjini Washington, kisha tarehe 15 Oktoba msaidizi mmoja akaifungua katika ofisi ya seneta huyo, ndani ya jengo la Hart lenye ofisi za maseneta, na unga mwepesi ukatimka. Lakini kabla haijafunguliwa ilikuwa imekwisha kutoa sumu yake njiani. Katika mashine za kuchambulia, barua hupita zikibanwa kati ya mikanda na magurudumu, na kila bahasha inapobanwa hewa iliyomo hutoka pamoja na kilicho chepesi ndani yake. Spora za kimeta, yaani vijidudu vyake vikiwa katika hali ya kulala, ni ndogo kuliko matundu ya karatasi ya kawaida, kwa hiyo ule utepe wa gundi haukuzuia kitu.

Kisa cha barua hizo kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha taifa lililoogopa kupita kiasi, likanunua barakoa na vidonge huku waliokufa wakiwa watano tu. Usimulizi huo haujanitosha kamwe. Ni kweli taharuki ilikuwa kubwa kuliko hatari kwa watu wengi mno, lakini katika siku zilezile, ndani ya jengo moja, hatari ilikuwa kubwa kuliko hofu, na wawili kati ya waliofanya kazi humo wakafa. Mtu anayetaka kuiweka hofu ya vitisho vya kibayolojia katika kipimo chake hana budi kuyatazama mambo haya mawili kwa pamoja, maana yalitokana na kosa moja: hofu ilifuata mahali habari zilipovuma, na haikufuata njia ambayo spora zilipita.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Wafugaji wanaujua kimeta kwa karne nyingi. Mnyama hufa ghafla, pengine damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, na anayejua haupasui mzoga wala hauchuni ngozi, kwa sababu vijidudu vikipata hewa hugeuka spora zinazoweza kukaa udongoni kwa miongo mingi. Binadamu huupata kwa kushika ngozi au sufu ya mnyama aliyeugua, kwa kula nyama yake, au, mara chache sana, kwa kuvuta spora puani. Kimeta cha ngozi huanza na kipele kinachogeuka kidonda chenye kovu jeusi, nacho hutibika vizuri. Kimeta cha mapafu ndicho cha kuogopwa, kwa kuwa huanza kama mafua ya kawaida, kisha humwangusha mgonjwa ndani ya siku chache. Na kuna jambo ambalo halikurudiwa vya kutosha mwaka 2001: kimeta cha mapafu hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Aliyekivuta hawezi kumwambukiza mkewe, mwanawe wala muuguzi anayemhudumia. Kauli hiyo moja ingewaondolea mamilioni ya watu sehemu kubwa ya hofu waliyolala nayo.

Wa kwanza kufariki alikuwa mhariri wa picha katika kampuni ya magazeti huko Boca Raton, Florida. Alilazwa tarehe 2 Oktoba, ugonjwa ukathibitishwa tarehe 4, akafa tarehe 5. Nchi ilikuwa bado haijafikisha mwezi mmoja tangu mashambulizi ya tarehe 11 Septemba, na kwa robo karne, tangu mwaka 1976, hapakuwa na mgonjwa wa kimeta cha mapafu nchini humo. Waziri wa afya, Tommy Thompson, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema kwamba hilo ni tukio la pekee, akaongeza kuwa mgonjwa alikuwa amekunywa maji ya kijito alipokuwa safarini North Carolina. Naamini nia yake ilikuwa kutuliza watu. Lakini kimeta cha mapafu hakipatikani kwa kunywa maji, na mtu yeyote aliyefungua kitabu cha tiba jioni ile aliliona hilo. Kuanzia hapo kila maneno ya kutuliza yaliyotoka serikalini yalisikilizwa kwa shaka, hata yale yaliyokuwa ya kweli. Ndiyo maana nasema faraja isiyo na msingi haipunguzi hofu. Huiahirisha tu, nayo hurudi ikiwa imepoteza imani kwa msemaji.

Tarehe 15 Oktoba bahasha ya Daschle ilipofunguliwa, hatua zilizochukuliwa katika jengo la Hart zilikuwa za haraka na za busara. Watu walipimwa kwa pamba puani, na 28 miongoni mwao wakaonekana kuwa na spora. Walianza kupewa dawa ya antibiotiki mara moja, na baadaye jengo lote likafungwa kwa takriban miezi mitatu. Hao ndio waliokaa chumba kimoja na unga uliotimka, ndio waliovuta zaidi ya wengine wote, na hakuna hata mmoja wao aliyeugua kimeta. Hilo ni jambo kubwa sana, na sijui kwa nini halisimuliwi mara nyingi zaidi. Linaonyesha kwamba hata mbele ya unga wa aina ile, dawa ya kawaida iliyowahi kutolewa iliokoa maisha.

Brentwood mambo yalikwenda kinyume. Bahasha ileile ilikuwa imepita huko siku kadhaa kabla haijamfikia seneta. Zaidi ya watu 2,000 walifanya kazi katika kituo hicho, wengi wao Wamarekani Weusi, wakipokezana zamu usiku na mchana, na mashine zao zilisafishwa kwa kupuliziwa hewa yenye shinikizo, jambo ambalo kwa siku za kawaida halina ubaya wowote. Wataalamu walikuwa na dhana moja: bahasha iliyofungwa haivuji, kwa hiyo wa kuhangaikia ni yule anayeifungua. Dhana hiyo haikuzushwa kwa ubaya, kwani huko Florida na New York, ambako barua za mwanzo zilipelekwa kwenye ofisi za vyombo vya habari, hapakuwa na dalili ya wazi ya kuikanusha. Hata hivyo ilikuwa dhana, na wafanyakazi walielezwa kana kwamba ni jambo lililokwisha kupimwa. Tarehe 18 Oktoba mkuu wa shirika la posta alifanya mkutano na waandishi wa habari ndani ya kituo hicho hicho, ili kuonyesha kuwa barua ni salama. Siku hiyo hiyo ilithibitishwa kwamba mfanyakazi wa posta wa New Jersey amepata kimeta cha ngozi. Mfanyakazi huyo hakufungua barua ya mtu, na kwa hiyo dhana nzima ilipaswa kuanguka saa hiyo.

Kituo kilifungwa tarehe 21 Oktoba, siku sita baada ya bahasha kufunguliwa ofisini kwa seneta. Alfajiri ya siku hiyo mfanyakazi mmoja wa Brentwood alipiga simu ya dharura mwenyewe. Alieleza kwa utulivu, huku akihema kwa shida, kwamba anahisi amevuta kimeta, akataja siku ambayo barua yenye unga ilionekana kazini, na kwamba hakuna aliyemweleza unga ule ulikuwa nini. Alikufa saa chache baadaye. Mwenzake alikwenda hospitali siku hiyo hiyo, akarudishwa nyumbani, na tarehe 22 akafariki. Kwa jumla wafanyakazi wanne wa kituo hicho waliugua kimeta cha mapafu, na wawili kati yao walinusurika.

Ninapofikiria ile simu, naona jinsi maneno “msiogope” yanavyoweza kuwa na madhara yanapoelekezwa kwa mtu asiyestahili kuambiwa hivyo. Mtu yule alikuwa na hofu iliyokadiriwa sawasawa kabisa. Alijua kilichompata, alijua siku, alijua dalili zake. Alichokosa ni mtu wa kuipokea hofu yake na kuifanyia kazi.

Wakati huohuo, maili mia na elfu kutoka hapo, mambo yalikuwa ya namna nyingine. Barakoa za kujikinga na gesi zilikwisha madukani, ingawa barakoa iliyofungiwa kabatini haimkingi mtu asiyejua ni saa ngapi aivae. Watu walidai waandikiwe siprofloksasini, antibiotiki inayotibu kimeta, waiweke akiba, na wengine walianza kuimeza bila kuwa wamekaribia spora yoyote, wakijitakia kichefuchefu, kuhara na maumivu ya kano, na huku wakiwazoeza bakteria wengine dawa ambayo siku moja ingehitajika. Unga wowote mweupe uliita polisi, ukiwa sukari, poda au vumbi la chokaa. Waongo nao wakapata nafasi, wakatuma barua za unga bandia kwa ofisi, shule na zahanati. Maabara za nchi hiyo zilipima zaidi ya sampuli 120,000 katika miezi hiyo, na karibu zote hazikuwa na kitu. Kila sampuli ya sukari iliyopokelewa ilichukua mikono na saa za wataalamu walewale waliohitajika kupima sakafu za vituo vya posta.

Hapa pana jambo la kitaalamu linalostahili kueleweka na kila msomaji wa habari. Kipimo cha awali cha kimeta huangalia kama kuna bakteria wa ukoo unaofanana nacho, na ukoo huo umejaa udongoni, vumbini na juu ya meza zetu, bila madhara yoyote. Kuthibitisha kwamba ni kimeta chenyewe huhitaji vipimo zaidi na siku zaidi. Kitu kinachotafutwa kikiwa adimu sana, majibu mengi ya awali yanayosema “kipo” huwa ya uongo, hata kama kipimo ni kizuri na mpimaji ni makini. Kenya ililijua hilo kwa uchungu. Katikati ya mwezi huo wa Oktoba, waziri wa afya, Sam Ongeri, alitangaza kuwa barua iliyotumwa kutoka Atlanta ilikutwa na spora za kimeta, na habari hiyo ikaenea duniani kama tukio la kwanza nje ya Marekani. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa hapakuwa na kimeta. Simlaumu sana aliyetangaza, kwa kuwa angenyamaza na vipimo vikathibitisha angelaumiwa zaidi, lakini tangazo lingeweza kusema waziwazi kwamba hilo ni jibu la awali, kwamba majibu kama hayo mara nyingi hugeuka, na siku ambayo jibu la mwisho lingetarajiwa. Habari ya kwanza ilizunguka dunia. Ya kuikanusha haikufika hata nusu ya njia.

Tuje kwenye hesabu. Watu 22 waliugua, 11 kwa kimeta cha mapafu na 11 kwa kimeta cha ngozi, na waliokufa ni watano, wote kati ya wale wa mapafu. Upande wa pili wa mizani, takriban barua milioni 85 zilipita katika vituo vya New Jersey na Washington vilivyochafuliwa, tangu bahasha zenye sumu zilipopita hadi vituo vilipofungwa. Kwa mtu aliyepokea barua nyumbani, hatari ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba ni vigumu kuipata katika takwimu. Sisemi haikuwapo. Mwezi Novemba, bibi wa miaka 94 huko Connecticut alifariki kwa kimeta cha mapafu. Nyumbani kwake hapakupatikana spora, ila zilipatikana katika kituo cha posta kilichohudumia eneo lake, na inadhaniwa kuwa barua iliyogusana na nyingine njiani ndiyo iliyomfikia. Mfanyakazi mmoja wa hospitali mjini New York naye alifariki, na chanzo chake hakikujulikana kamwe. Vifo hivi viwili ndivyo vinavyonizuia kusema, kama wasemavyo baadhi ya watu, kwamba wengine wote walikuwa salama kabisa. Neno la haki ni “karibu wote”, na mtu mzima anaweza kulipokea neno hilo akiambiwa ukweli.

Ipo hoja nyingine inayopendwa sana katika mijadala hii: kwamba mafua makali huua maelfu ya watu nchini humo kila mwaka, na ajali za barabarani maelfu zaidi, kwa hiyo vifo vitano si kitu. Takwimu ni za kweli, lakini hoja haijakamilika. Mafua hayana mtu anayeyapanga. Mwezi Oktoba 2001 hakuna aliyejua kama barua ni chache au ni mia, wala kama mtumaji ana unga zaidi. Hofu hupimwa kwa kile kilichojulikana siku ile, siyo kwa hesabu iliyofungwa miaka kumi baadaye. Na historia inatoa ushahidi wa pande zote mbili. Mwaka 1993 kundi la kidini la Japani liitwalo Aum Shinrikyo, lililokuwa na fedha na wasomi, lilimwaga kimeta hewani kutoka juu ya jengo lake huko Kameido, Tokyo, na hakuna anayejulikana kuugua, kwa kuwa vijidudu walivyotumia vilikuwa vya aina inayotengenezewa chanjo ya mifugo. Kwa upande mwingine, Aprili 1979 spora zilivuja kutoka kituo cha kijeshi cha Sverdlovsk katika Muungano wa Kisovieti, watu wasiopungua 60 wakafa, na serikali ikasingizia nyama mbovu kwa miaka mingi hadi Rais Boris Yeltsin alipokiri mwaka 1992. Kwa hiyo atakayesema silaha hizi ni vitisho vitupu anakosea, na atakayesema kila kikundi chenye chuki kinaweza kuzitumia kuangamiza mji naye anakosea. Kinacholeta tofauti ni kilichomwagwa, mahali kilipomwagwa, upepo ulikoelekea, na nani alikuwa hapo akivuta pumzi.

Hata ulengaji wa lawama ulipotea njia. Wengi waliamini bila shaka kwamba barua zilitoka kwa maadui wa nje, kwa kuwa ndani yake mliandikwa maneno ya kuonyesha hivyo. Mwaka 2010 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilifunga uchunguzi ikihitimisha kuwa mhusika alikuwa Bruce Ivins, mtafiti katika maabara ya jeshi la Marekani huko Fort Detrick, aliyejiua mwaka 2008 kabla ya kushtakiwa. Jopo la wanasayansi lililopitia ushahidi wa kimaabara lilisema mwaka 2011 kuwa sayansi peke yake haitoshi kutoa jawabu la uhakika.

Nirudi kwa wale waliopaswa kuogopa, kwa kuwa matatizo yao hayakwisha kituo kilipofungwa. Watu wapatao 10,000 walishauriwa kumeza antibiotiki kwa siku 60, maana spora zinaweza kulala mapafuni kwa majuma kadhaa kabla ya kuamka, na dawa haiui spora iliyolala, huua kijidudu kilichoamka. Chini ya nusu walimaliza dozi. Ukiangalia kwa juujuu unaweza kusema walipuuza, lakini fikiria mtu aliyeambiwa tarehe 18 kuwa yuko salama, tarehe 21 akaambiwa ameze vidonge, kisha mwezi Desemba akapewa nafasi ya kuongeza siku 40 au kuchanjwa, huku wanaompa nafasi hiyo wakikataa kumwambia kama wanashauri achanjwe au la. Waliokubali chanjo walikuwa wachache sana. Wengi wa wafanyakazi wa Brentwood walikumbuka wazi jinsi wasaidizi wa maseneta walivyohudumiwa siku ileile huku wao wakiendelea kusukuma barua, na walikumbuka pia historia ndefu ya Wamarekani Weusi kufanyiwa majaribio ya kitabibu bila ridhaa yao. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelimishwa juu ya kuondoa woga. Anahitaji kuambiwa ukweli mapema na mtu anayemwamini.

Kituo cha Brentwood kilisafishwa kwa gesi ya klorini dioksaidi, kikafunguliwa tena Desemba 2003, nacho kimepewa majina ya wafanyakazi wake wawili waliofariki. Nimejaribu mara nyingi kuandika tangazo ambalo lingeweza kubandikwa mlangoni mwake jioni ya tarehe 15 Oktoba, kwa kutumia yale tu yaliyojulikana siku hiyo, bila hekima ya baadaye. Ninadhani lingekuwa fupi:

“Leo barua yenye kimeta imefunguliwa katika ofisi ya seneta. Ilipita hapa. Tunadhani bahasha iliyofungwa haimwagi spora, lakini hatujapima, na hatutaki mtumainie tunachodhani. Kuanzia usiku huu mashine zilizopitisha barua hiyo zimesimamishwa. Dawa zipo kwenye chumba cha chakula. Kila aliyefanya kazi hapa tangu tarehe 9 aanze kumeza leo. Ukisikia homa, kifua kubana au kuhema kwa shida, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unafanya kazi Brentwood. Kimeta hakiambukizi kutoka kwa mtu, kwa hiyo rudini nyumbani mkawakumbatie watoto wenu. Tutawaeleza majibu ya vipimo kesho saa mbili asubuhi, yawe mazuri au mabaya.”